Ushirikiano wa mikoa na ubunifu: kikundi cha Jomvu kiombe nini?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama na vijana huku Jomvu. Tunakaanga na kuuza samaki, na tunapanda mikoko kwenye mkono wa bahari wa Tudor. Juzi tuliitwa hotelini kukutana na ujumbe wa mkoa mmoja wa Ulaya uliokuja kutembelea kaunti za Pwani. Walizungumza sana juu ya ubunifu, uchumi wa buluu na ushirikiano baina ya mikoa. Wametuachia fomu inayouliza "ubunifu wenu ni upi, na mnahitaji nini". Wenzangu wanataka tuandike friza na boti. Mimi nasita. Je, ushirikiano wa namna hii umewahi kuinua uchumi wa mahali popote? Na sisi tuombe nini?

JIBU: Waalaikum salaam, Bi Katibu.

Umewahi, tena katika sehemu nyingi. Nimefuatilia mipango ya uchumi wa Pwani kwa muda mrefu, na ninaloliona kila mara ni hili: eneo hunufaika na ushirikiano kwa kadiri ya chombo lililonacho lenyewe cha kuyapokea maarifa na kukaa nayo. Chombo hicho chaweza kuwa chuo, maabara, ushirika au ofisi yenye watu wa kudumu, mradi kiendelee na kazi baada ya wageni kurudi kwao. Kisipokuwepo, mradi hudumu muda wa bajeti yake tu, na mashine hukaa pale ilipowekwa mpaka spea ya kwanza itakapohitajika. Kwa hiyo kusita kwako kuna msingi. Friza nitaizungumzia, maana si jambo dogo, lakini lisiwe ombi lenu la kwanza.

Tazama kwanza Pwani ilipo. Kaunti zetu sita, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zilikuwa na watu milioni 4.3 katika sensa ya 2019. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha kontena zaidi ya milioni 2, zikihesabiwa kwa kipimo cha futi 20, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ukiisikia tarakimu hiyo peke yake utadhani tumeshafika. Lakini kontena likishuka Kilindini na kupandishwa treni au trela kwenda Kampala, linachotuachia ni ada, mishahara ya bandarini, mafuta ya lori na kazi ya maajenti wa forodha. Sehemu kubwa ya thamani hupatikana linakofunguliwa. Uchumi wa njia umeilisha Mombasa tangu enzi za majahazi, na siudharau hata kidogo. Tatizo lake ni kwamba huhamishika kwa agizo moja. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipofunguliwa mwaka 2017 na mizigo ikaelekezwa kutolewa Nairobi, na baadaye Naivasha, kampuni za hapa za kuhifadhi na kuondosha mizigo zilipoteza kazi, malori yakasimama, na wauza chakula waliotegemea madereva na makuli wakaingia hasara nao. Agizo la kuirudisha kazi hiyo Mombasa lilitolewa Septemba 2022. Teknolojia mpya haina mapenzi na mahali. Hupeleka kazi kule alikoamua mwenye kauli. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba ubunifu bila chombo cha wenyeji chenye kauli unaweza kumtajirisha mtu mwingine kabisa.

Na bandari hiyohiyo inatupa mfano wa upande wa pili. Nchi zinazotumia barabara na reli kutoka Mombasa kwenda bara zilitia saini mkataba wa Ukanda wa Kaskazini mwaka 1985. Leo wanachama ni sita: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini, na sekretarieti yake iko hapa Mombasa. Kazi yake haina shamrashamra. Hupima mzigo unachukua siku ngapi, umesimamishwa wapi, kwa sababu gani, kisha huyaandika hayo na kuyapeleka mbele ya serikali zote. Mawaziri wamebadilika, marais wamebadilika, na ofisi imeendelea kupima. Huo ni ushirikiano wa kimataifa ulioshika, kwa sababu una watu wanaoamka kila siku kuufanyia kazi. Ulinganishe na udugu wa miji, kama ule wa Mombasa na Seattle tangu 1981: una heshima yake na umejenga urafiki, lakini urafiki peke yake haufungui soko wala haupimi kitu.

Sasa nikueleze swali la fomu limetoka wapi, maana si la kubahatisha. Mwaka 1990 Umoja wa Ulaya ulianza kutenga fedha maalumu za kuishirikisha mikoa ya mipakani, mpango uitwao Interreg. Kisha katika bajeti ya 2014–2020 ukaweka sharti: mkoa unaotaka fedha za utafiti na ubunifu utaje kwanza mambo machache uliyoyachagua, ukianzia kwenye yale ambayo watu wake tayari wanayafanya vizuri. Na uchaguzi huo usifanywe na serikali peke yake. Wafanyabiashara na vyuo wawepo mezani. Wageni wenu wamekulia katika mfumo huo. Wanapouliza "ubunifu wenu ni upi" hawategemei mwape chombo cha ajabu kilichobuniwa Jomvu. Wanauliza mnajua nini, na ni wapi hasa mmekwama. Mkiwajibu "friza na boti" mtakuwa mmejibu swali ambalo hawakuliuliza, na watawaweka kwenye orodha ya wanaohitaji msaada, pamoja na mamia ya wengine.

Mfano ninaoupenda zaidi kutoka kwao ni Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, kwa sababu ni watu wa bahari kama sisi na kwa muda mrefu walikuwa maskini wa nchi yao, vijana wakihamia Amerika na Madrid kutafuta riziki. Wasindikaji samaki wa huko, wenye viwanda vya mikebe, waliunda chama chao mjini Vigo mwaka 1904. Kila mmoja alikuwa mshindani wa mwenzake. Lakini kulikuwa na mambo ambayo hakuna kiwanda kidogo kingeyamudu peke yake: kupima kama samaki ni salama, kujua joto la kuchemshia mkebe, kuwasomesha mafundi, kuwatetea mbele ya serikali. Hayo wakayafanya kwa pamoja, na baadaye chama kikawa na maabara na kituo chake cha teknolojia ambacho kipo hadi leo. Kiwanda kikipata shida ya ladha, harufu au kuharibika kwa samaki, kilikuwa na mahali pa kwenda kuuliza.

Ushirikiano na nje ulikuja juu ya msingi huo. Ng'ambo ya mto Miño kuna Ureno ya kaskazini, watu wenye lugha inayokaribiana sana na yao. Mwaka 1991 pande hizo mbili ziliunda jumuiya ya kufanya kazi pamoja, na mwaka 2008 wakasajili chombo kimoja cha kisheria chenye makao Vigo, kinachoweza kuajiri na kusimamia miradi kwa niaba ya pande zote mbili. Vyuo vikuu sita vya mpakani vikaunda kituo cha pamoja cha kuuchunguza uchumi wa eneo lao. Angalia mpangilio wa mambo: chama cha wenyeji kwanza, maabara ikafuata, jirani wa mpakani akafuata, na fedha kubwa za Umoja wa Ulaya zikakuta watu walio tayari kuzipokea.

Usiseme hayo ni ya Wazungu na serikali zao zenye pesa. Nenda Unguja. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni akina mama. Aina yenye bei nzuri ilianza kufa maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, na aina iliyobaki iliuzwa kavu, ghafi, kwa bei ya kukatisha tamaa. Mwaka 2006 ikaundwa klasta ya mwani ya Zanzibar, ikiwaunganisha wakulima, wafanyabiashara, serikali na watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hawakuanza na kiwanda. Walianza na sabuni, na unga wa mwani, vitu ambavyo mama anaweza kuvitengeneza kijijini kwake na kuuza kwa bei iliyo mbali kabisa na ile ya mwani ghafi. Kisha wakajaribu nyavu za mrija ili mwani ukae kwenye maji yenye kina na ubaridi. Hapo likajitokeza jambo ambalo hakuna mtaalamu angelijua akiwa ofisini: wengi wa akina mama hawakujua kuogelea, wala hawakuwa na vyombo vya kuwafikisha huko. Ubunifu wa wavu ukawa hauna faida bila mafunzo ya kuogelea na kuendesha boti. Nakueleza hili kwa sababu mtu pekee anayeweza kuona vizingiti vya namna hiyo mapema ni yule anayeifanya kazi yenyewe. Kwa hiyo katika mazungumzo yenu na wageni, maarifa yenu ni mtaji, msiyatoe kama porojo za chai.

Karibu zaidi kuna Gazi, Kwale, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ya mikoko yenu.

Mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni ulianza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko huizuia isiingie angani, na ndio unaotambuliwa kuwa wa kwanza duniani wa kijamii kufanya hivyo kwa mikoko. Eneo lake ni hekta 117, na hesabu ya mradi ni kuzuia takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Washirika walitoka mbali: Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier na shirika la hisani la Uskoti linalosimamia mauzo. Lakini uti wa mgongo ulikuwa hapa. Watafiti wa KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari yenye makao Mombasa, walikuwa wameipanda na kuipima mikoko ya Gazi miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kuuza hewa. Kwa hiyo mnunuzi alipouliza "mna uhakika gani?", majibu yalikuwepo kwenye madaftari. Fedha zinazopatikana hujadiliwa na wanakijiji wenyewe, na zimeingia kwenye maji na shule. Mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vikafuata njia hiyohiyo kwenye eneo kubwa zaidi.

Je, Jomvu nanyi mwaweza? Naona mnaweza kwenda kwenye njia hiyo, lakini si peke yenu na si mwaka huu. Kupima, kukaguliwa na kusajili mradi wa hewa ya ukaa kuna gharama ambazo hazipungui kwa sababu eneo ni dogo, hivyo kipande kidogo cha mikoko kinaweza kuishia kuwalipa wakaguzi tu. Vikundi vyote vya mkono wa Tudor vinavyopanda mikoko vingekuwa na hoja, kikundi kimoja hakina. Halafu kuna sheria. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ninyi mnaipanda, lakini hamuimiliki. Sheria ya misitu ya 2016 inawaruhusu wananchi kuunda chama cha jamii cha misitu na kutia saini mkataba wa kuusimamia msitu pamoja na KFS. Bila mkataba huo hamna cha kuuza. Na marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2023 yameweka kiwango: kwa miradi ya ardhini, jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na asilimia 25 kwa miradi isiyo ya ardhini. Mtu yeyote akija na karatasi ya kutia saini juu ya "kaboni ya Tudor" kabla hamjawa na chama hicho na mwanasheria wa kuwasomea, mrudishieni karatasi yake.

Kwa hiyo kuhusu mikoko, ombi ni dogo na la maana: vijana wenu wafunzwe na KMFRI kupima miti. Kipenyo, urefu, miche iliyokufa na iliyoshika, kila baada ya muda uliopangwa, kwenye daftari lenu. Miaka mitatu ya madaftari ya namna hiyo itawapa nguvu ya kuzungumza ambayo hakuna mgeni anayeweza kuwapa.

Sasa samaki, ambako ndiko riziki ya kila siku iliko.

Mama karanga, yaani mama anayekaanga na kuuza samaki, ni sehemu ya uchumi wa Mombasa isiyoandikwa vya kutosha. Ndiye anayemchukua samaki mdogo ambaye hoteli haimtaki na kumfikisha kwenye sahani ya mfanyakazi wa Changamwe au Mikindani kwa bei anayoimudu. Ana mteja wa uhakika, anajua kukopesha na kudai, anajua samaki gani hutoka kwenye bamvua na gani hukosekana wakati wa kusi. Anachokosa ni kauli juu ya bei anayonunulia, kwa sababu mara nyingi mvuvi amefungwa na tajiri aliyempa boti au nyavu, na samaki wazuri wameshapata mwenyewe kabla boti haijafika ufukweni.

Ndipo friza inapoingia, na ndipo ninapotaka mfikiri kwa makini. Barafu na baridi humpa mtu uwezo wa kusubiri. Anayeweza kusubiri hupanga bei. Kwa hiyo swali la kwanza la friza ni nani anashika ufunguo, kwa sababu mkishindwa kulijibu hilo, mtakuwa mmemtengeneza tajiri mpya ndani ya kikundi chenu. Swali la pili ni kusi. Kati ya Aprili na Septemba bahari huchafuka, boti ndogo hazitoki, samaki hupungua. Stima ya friza haipungui. Hesabu yenu ifanywe kwa kilo za miezi hiyo, msitumie kilo za kaskazi, maana friza iliyojaa nusu hula faida ya mwaka mzima. Swali la tatu ni kama samaki wenu wanahitaji friza kabisa. Mkinunua alfajiri, mkakaanga mchana na kumaliza jioni, tatizo lenu huenda ni la mafuta na kuni kuliko la baridi, na pengine barafu ya kununua kwa pamoja ingetosha.

Boti sitaisema sana. Boti ina injini, injini ina mafuta na fundi, na ninyi si wavuvi. Waachieni BMU, yaani chama cha wavuvi kinachosimamia ufukwe wenu, iombe boti, nanyi muwe wanunuzi wao kwa mkataba.

Badala yake, haya ndiyo maswali ambayo ningependa kuyaona kwenye fomu yenu. Mafuta mnayokaangia, yakitumika mara ngapi yanaanza kuharibika kiasi cha kudhuru? Kila mama ana kipimo chake cha macho na pua, lakini hakuna aliyewapimia. Jiko la namna gani linakaanga kilo zilezile kwa kuni chache? Hili linarudi moja kwa moja kwenye mikoko, kwa sababu kuni zina mahali zinakotoka. Samaki aliyekaangwa anaweza kukaa siku ngapi akifungwa vipi? Maswali haya matatu yanapimika, majibu yake yanamhusu kila mama karanga kutoka Vanga hadi Lamu, na yanaweza kufanyiwa kazi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, ambacho kiko Tudor kwenye mkono huohuo wa bahari. Mkoa wa Ulaya wenye maabara nzuri ya samaki unaweza kumleta mtaalamu akae na walimu na wanafunzi wa TUM, wapime pamoja nanyi, kisha aondoke. Atakapoondoka, aliyefunzwa atakuwa bado yuko Tudor, na mwaka unaofuata mtamrudia na swali jipya kwa nauli ya matatu. Huo ndio ushirikiano wa mikoa ninaoutaka kwa Pwani hii.

Na msidanganyike kuhusu soko la Ulaya. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 1, 2024, na bidhaa za Kenya zinaingia huko bila ushuru. Kwa samaki, kizuizi kikubwa ni masharti ya usafi, viwanda vilivyoidhinishwa na hati zinazoonyesha samaki alivuliwa wapi na nani. Kikundi chenu hakina haja ya kukimbilia huko. Mkipata alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa samaki waliofungashwa vizuri, wateja wa Mombasa hii hawajaisha.

Jirani wa mpakani je? Hapa Pwani tunamsahau, na ninaumia kila nikiliona. Tanga ni karibu nasi kuliko Nairobi. Kituo cha Lunga Lunga na Horohoro sasa ni cha pamoja, yaani mtu hukaguliwa mara moja badala ya mbili, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000: ukibeba bidhaa zilizo kwenye orodha, hupewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na hulipi ushuru wa forodha. Ada nyingine na kanuni za afya zinabaki palepale. Akina mama wa Tanga na Pemba wana mbinu za kukausha na kuhifadhi samaki, nanyi mna zenu. Ziara ya wanakikundi wachache kwenda Tanga, au kwa wakulima wa mwani wa Kibuyuni njiani, itawafundisha mambo mengi kwa lugha mnayoielewa na kwa bahari mnayoijua. Andikeni kwenye fomu kwamba mnaomba hiyo. Wageni wengi hushangaa kusikia kwamba nauli ya kwenda kwa jirani ni ombi halali, lakini Interreg yao ilianzia mipakani.

Limebaki jambo la serikali, nalo ni zito kuliko linavyosikika. Uhusiano na nchi za nje ni kazi ya serikali kuu kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kilimo, uvuvi, masoko na vyuo vya ufundi vya vijiji ni kazi za kaunti. Kaunti sita zina chombo chao cha pamoja, Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na mpango wa Go Blue wa Umoja wa Ulaya uliozinduliwa mwaka 2021 ulifanywa kwa kushirikiana nacho. Chombo hicho kinastahili kupewa nguvu, maana Mombasa ikienda peke yake na Kwale peke yake, kila mmoja atapewa kilicho kidogo. Lakini uhai wa mradi wowote unaamuliwa kwenye bajeti ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maji ya kituo, stima, mshahara wa fundi, vyote visipoandikwa humo, mfadhili akiondoka hakuna wa kuvilipia. Mikutano ya kutoa maoni huitishwa kwenye wadi. Nendeni mkiwa wengi, na mwende na karatasi.

Ukitaka mahali pa kuanzia, hii ndiyo namna ningeijaza fomu, kwa Kiswahili, na anayetaka Kiingereza atafute mfasiri:

"Sisi ni kikundi cha Jomvu kinachokaanga na kuuza samaki na kupanda mikoko. Tunajua misimu ya samaki, wateja wetu, na sehemu ambazo miche hushika. Hatujui mafuta yetu yanaharibika baada ya mikaango mingapi, jiko gani linapunguza kuni, na miti yetu imekua kiasi gani. Tunaomba vipimo hivyo vifanywe pamoja na TUM na KMFRI kwa misimu yote miwili, kusi na kaskazi, na wanakikundi wetu wafunzwe kuvifanya. Matokeo tupewe kwa Kiswahili, na yawe mali yetu pamoja na waliopima. Picha zetu na jina la kikundi visitumiwe bila idhini ya maandishi. Tunaomba ziara ya kujifunza Tanga na Kibuyuni. Vifaa tutaviomba baada ya vipimo, tukijua vya aina gani, vya ukubwa gani, na nani atavitunza."

Kabla ya kuirudisha, itisheni vikundi vingine vya mkono wa Tudor mtie saini pamoja, na mpeleke nakala moja TUM, moja KMFRI, moja kwa mwakilishi wa wadi yenu. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, nanyi mbaki na yenu.